Dawa ya salfa na figo za Ubundu: nimesoma utafiti wa thioli, na hivi ndivyo ninavyouona



Pendekezo liko mbele yetu. Michango ya chama ya miezi hii mitatu inunue katoni za asetilisisteini, zile pakiti za unga wa kikohozi zinazoyeyushwa katika maji, zipelekwe kwenye vituo vya afya vya upande wa Ubundu "kwa ajili ya kukinga figo". Ndugu aliyeleta pendekezo alibandika pia makala za kisayansi, kumi na kitu, na wengi wetu tukaweka dole gumba juu bila kufungua hata moja. Mimi nimezifungua, nikaongeza nyingine ambazo hakuzibandika. Nilisoma kemia, si udaktari, kwa hiyo waganga waliomo humu wanisahihishe pale ninapoteleza. Lakini makala zenyewe haziogopeshi ukizisoma pole pole, na pesa ni yetu wote.

Kwanza neno lenyewe. Thioli ni kiungo chochote cha kemia chenye salfa iliyoshikana na haidrojeni upande mmoja na kaboni upande mwingine. Kemia ya vitunguu, ya yai lililooza, ya ile harufu wanayoitia katika gesi ya kupikia ili ukinuse ujue inavuja, yote ni ukoo mmoja. Wazee wa kemia wa karne ya 19 walikuwa wanaziita "merkaptani", jina lililotoka Kilatini, maana yake kitu kinachokamata zebaki. Tulishike hilo jina, nitalirudia.

Mwilini mwetu thioli zimejaa. Sisteini ni mojawapo ya vipande vinavyojenga protini. Glutathioni ni kamba fupi ya vipande vitatu, na sisteini ndiyo ya katikati, ndiyo inayofanya kazi. Kazi yenyewe ni kujitoa: kemikali kali za oksijeni zikizaliwa ndani ya seli, glutathioni inazipa elektroni zake ili zisichome utando wa seli na protini. Ikishajitoa, inatengenezwa upya. Figo zinaihitaji kuliko viungo vingi, kwa sababu karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo inapita pale, na ndani ya siku moja figo za mtu mzima zinachuja lita kama 180 za maji ya damu na kuyarudisha karibu yote. Mirija midogo inayofanya hiyo kazi ya kurudisha inachoka haraka damu ikipungua. Kwa hiyo wazo la kwamba ukiongeza thioli utaokoa figo iliyo karibu kuzima ni wazo la akili. Sitamcheka mtu aliyeliwaza.

Tena asetilisisteini tayari ilikuwa na sifa, na sifa ya haki. Mtu akimeza parasetamoli nyingi kupita kiasi, ini linatengeneza sumu ambayo inamaliza glutathioni yote, halafu sumu inaanza kuua seli za ini. Katika miaka ya 1970, Laurie Prescott na wenzake kule Edinburgh walionyesha kwamba ukimpa mgonjwa asetilisisteini mapema, hasa ndani ya saa 8, ini linaokoka. Mpaka leo ndiyo dawa ya hiyo sumu duniani kote. Hiyo haina ubishi. Shida inaanza pale dawa yenye sifa sehemu moja inapovaa hiyo sifa na kwenda nayo sehemu nyingine.

Makala iliyowasha moto ilitoka Berlin mwaka 2000, katika New England Journal of Medicine. Martin Tepel na wenzake walichukua wagonjwa 83 wenye figo dhaifu tayari, waliokuwa wanakwenda kupigwa picha ya skana kwa ile dawa ya iodini inayong'arisha mishipa. Dawa hiyo inaweza kuumiza figo. Wote walipewa maji kwa mshipa, nusu yao wakapewa na asetilisisteini miligramu 600 mara mbili kwa siku, siku moja kabla na siku yenyewe ya picha. Matokeo: kati ya waliopewa dawa, 1 kati ya 41 figo zake zilishuka. Kati ya wasiopewa, 9 kati ya 42. Kwa asilimia ni 2 dhidi ya 21.

Ukiona hiyo 2 dhidi ya 21 unasimama na kupiga makofi. Dunia nzima ilipiga. Dawa ya bei ndogo, inanyweka, inanuka kidogo kama yai bovu lakini haiui. Ndani ya miaka michache mahospitali mengi ya Ulaya na Marekani yalikuwa yanawapa wagonjwa wa skana hiyo dawa kama desturi.

Sasa angalieni vizuri zile hesabu, maana hapa ndipo ukosoaji wangu unapoanzia. Asilimia zinatisha lakini watu wenyewe ni 10 tu kwa jumla: 9 upande huu, 1 upande ule. Chukua wanne tu kati ya wale 9, sema siku ile walikunywa maji zaidi, au walikuwa na bahati, inabaki 5 dhidi ya 1, na hakuna mtaalamu wa takwimu atakayekubali kuita hiyo ushahidi. Utafiti mzima unaning'inia kwenye watu wanne. Na hao 9 walipatwa na nini? Walikufa? Waliwekwa kwenye mashine? Hapana. Kilichohesabiwa ni kreatinini ya damu kupanda kwa miligramu 0.5 kwa desilita ndani ya saa 48. Yaani kipimo kwenye karatasi ya maabara.

Mtasema, lakini kreatinini ndiyo kipimo cha figo. Ni kweli, kwa siku za kawaida. Kreatinini ni takataka inayotoka katika misuli, figo zinaitoa, figo zikichoka inajaa katika damu. Lakini inategemea pia misuli inatoa kiasi gani. Mwaka 2004 kikundi cha Ujerumani, Hoffmann na wenzake, walifanya kitu cha rahisi ambacho kilipaswa kufanywa kabla ya yote: walichukua watu 50 wenye figo nzima, bila skana, bila dawa ya iodini, wakawapa asetilisisteini tu. Kreatinini yao ikashuka! Lakini sistatini C, kipimo kingine cha figo kisichotegemea misuli kwa namna ile, haikusogea. Maana yake ni kwamba inawezekana dawa ilikuwa inashusha namba bila kugusa figo. Ni sawa na mtu anayesukuma mshale wa mizani kwa kidole halafu anakuambia gunia limepungua uzito.

Hiyo makala ya 2004 ilikuwa inatosha kuwafanya watu wapunguze mwendo. Haikuwapunguza. Majaribio madogo madogo yaliendelea kumwagika, ya watu 50, 80, 120, mengine yakisema ndiyo, mengine hapana, halafu zikaja makala za kujumlisha hayo majaribio, halafu makala za kujumlisha makala za kujumlisha. Ndizo nyingi kati ya zile zilizobandikwa humu kwetu. Ukijumlisha vipimo kumi vilivyokosewa kwa namna moja hupati ukweli, unapata kosa lenye uzito mkubwa. Hata mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa 2012 uliiweka asetilisisteini kwa wagonjwa wa skana walio katika hatari. Uliiweka kwa daraja la chini kabisa la ushahidi, na kwa wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji uliikataa moja kwa moja. Ndugu yetu amenakili sentensi ya kwanza ya mwongozo na kuacha hiyo ya pili. Sisemi alikusudia. Lakini sentensi hizo mbili ziko karibu karibu.

Wakubwa walipoamua kuuliza swali kwa ukubwa wake, jibu lilikuja wazi. Brazil, mwaka 2011, jaribio la ACT: wagonjwa 2,308. Figo ziliumia kwa asilimia 12.7 ya waliopewa dawa na asilimia 12.7 ya waliopewa unga mtupu. Namba ile ile, mpaka nukta. Halafu PRESERVE, 2018, wagonjwa karibu 5,000 Marekani, Australia, New Zealand na Malaysia. Hawa hawakuhesabu kreatinini ya saa 48 peke yake; walingoja siku 90 wakauliza: nani amekufa, nani yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, nani figo zake zimebaki chini? Waliopewa asetilisisteini, 4.6. Wasiopewa, 4.5. Kutoka Berlin mpaka hapo ni miaka 18, na ndani ya hiyo miaka 18 sijui mahela mangapi yalikunywewa pamoja na ule unga.

Kwa mgonjwa wa skana, basi, mambo yameisha. Lakini hata kama PRESERVE ingesema ndiyo, swali langu lingebaki: hiyo ingetuhusu nini sisi? Mgonjwa wa Berlin alikuwa mtu mzima, figo zake zilikuwa dhaifu kwa miaka, na siku ya kuumia ilijulikana kwa kalenda: Jumanne saa nne unapigwa picha, Jumatatu unaanza dawa. Figo za kwetu hazizimi kwa miadi. Zinazima kwa malaria kali, kwa kuhara, kwa damu iliyomwagika wakati wa kujifungua, kwa vidonda vilivyooza mpaka sumu ikaingia katika damu, kwa miti ya kunywa ambayo hakuna anayejua kipimo chake, na kwa sindano za diklofenaki ambazo kila kibanda cha dawa kinachoma mtu mwenye homa na asiyekunywa maji tangu jana. Watafiti wa kimataifa wa magonjwa ya figo walipopiga picha ya dunia nzima miaka ya 2010, waliona kwamba katika nchi maskini sababu inayoongoza ni kukauka maji mwilini. Kukauka maji! Si siri ya molekuli.

(Kwa wapenda historia: mwaka 1951 John Huston alikuja kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, karibu na Ubundu, wakati huo ikiitwa Ponthierville. Katharine Hepburn akashikwa na kuhara kubaya. Tumbo la nyota wa Hollywood na tumbo la mvuvi wa Lualaba, maji yakichafuka, ni tumbo moja.)

Twende kwenye malaria, kwa sababu hapo ndipo pendekezo linajitahidi kuwa la kwetu. Ni kweli kwamba kuna sababu ya kisayansi. Malaria ikipasua seli nyingi za damu, hemoglobini inamwagika nje, inapita katika figo, mkojo unageuka kuwa mweusi kama koka. Mama anafika na kusema: "Huyu mutoto anakojoa mukojo ya mweusi, tangu jana hakojoe tena." Wazungu wa zamani waliiita homa ya mkojo mweusi na walikufa nayo wengi. Haijaisha, mashariki ya Uganda, Mbale na Soroti, waganga wameiona kwa watoto wengi katika miaka hii ya karibuni. Chuma kilicho ndani ya hemoglobini iliyomwagika kinazaa kemikali zile zile kali za oksijeni. Basi thioli ingefaa, si ndiyo?

Ilijaribiwa. Makala ya 2009, wagonjwa wazima 108 wa malaria kali kule Thailand na Bangladesh, nusu waliongezewa asetilisisteini juu ya artesuneti, nusu walipewa maji matupu. Asidi ya laktiki, ambayo ndiyo waliyoifuatilia kama alama ya ugonjwa mkali, haikushuka haraka zaidi. Dawa haikusaidia kitu kilichoonekana. Tena kuna kazi ya maabara ya 2007 iliyoonyesha kwamba asetilisisteini inaweza kupunguza nguvu ya artesuneti dhidi ya vijidudu. Ni maabara, si mgonjwa, tusiipe uzito kuliko ulio wake. Lakini fikiri kidogo: artesuneti inaua kijidudu kwa kuzaa kemikali kali ndani yake. Ukimpa mgonjwa kitu kinachozima kemikali kali, kwa nini utegemee kitamlinda mwenye nyumba peke yake na kumwacha mwizi? Katika zile makala kumi na kitu zilizobandikwa, hii ya 2009 haimo, ingawa inahusu malaria yenyewe.

Kuna kichekesho hapa. Dawa iliyotoa matumaini zaidi kwa figo za malaria si asetilisisteini, ni parasetamoli, yaani ile ile ambayo asetilisisteini ni dawa ya sumu yake. Katherine Plewes na wenzake, Bangladesh, makala ya 2018: wagonjwa wazima 62, gramu moja kila saa 6 kwa siku tatu, na figo zilirudi vizuri zaidi, hasa kwa waliokuwa na hemoglobini nyingi iliyomwagika. Maelezo yao ni kwamba parasetamoli inarudisha kile chuma kikali katika hali ya upole. Nimefurahi kuisoma. Lakini nikiwa nimemkaba Tepel kwa wagonjwa 83, siwezi kumwachia Plewes kwa 62. Na jaribio kubwa zaidi la Malaysia, 2022, kwa aina nyingine ya malaria, halikuona tofauti kwa wagonjwa wote kwa jumla. Kwa hiyo msitoke hapa mkaanza kuwapa watoto parasetamoli ya kuokoa figo. Kipimo kikizidi, ini linakwenda, na hiyo tumeshaizungumza.

Najua jibu litakalokuja katika komenti: "Basi hata kama haisaidii, haina madhara, kwa nini tusijaribu?" Hilo jibu silipendi, na si mimi peke yangu. Kumbukeni FEAST. Mwaka 2011, Kathryn Maitland na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania walijaribu kitu ambacho kila kitabu kilisema ni chema: mtoto mwenye homa kali na mzunguko wa damu uliolegea, mmiminie maji kwa mshipa haraka. Watoto 3,141. Waliomiminiwa haraka, asilimia kama 10.5 walikufa ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, 7.3. Maji na chumvi tu, wandugu. Kama maji yanaweza kuua kwa kupewa vibaya, neno "haina madhara" liwe na karatasi nyuma yake. Na hata tukisema pakiti ya kunywa kweli haimdhuru mtu, kuna lile la namba: ikiwa inashusha kreatinini bila kuponya figo, basi pale penye kipimo kimoja kwa wiki tutakuwa tumekipofusha hicho kimoja.

Na kreatinini kwa watoto wetu ina uongo mwingine ambao watafiti wa Ulaya hawakuhitaji kuufikiria. Mtoto aliyekonda kwa njaa hana misuli. Kreatinini yake inaanzia chini sana, inaweza kupanda mara mbili na bado karatasi ikasema "kawaida". Mama anaambiwa figo nzima. Mkojo hauna hiyo hila. KDIGO hao hao wanasema: chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa muda wa saa 6, ni figo kuumia ghafla. Mtoto wa kilo 12, hiyo ni mililita 36 kwa saa 6. Vijiko viwili na nusu vya mezani. Mtu mwenye kikombe chenye mistari, saa ya simu na kalamu anaweza kuligundua hilo katika kituo kisicho na maabara kabisa, usiku, bila umeme. Katika makala zote nilizosoma za asetilisisteini, mkojo unatajwa kama jamaa wa mbali.

Nisije nikaonekana ninatupa thioli zote mtoni. Haki ni haki. Wazee wetu waliougua usingizi walitibiwa kwa melarsoproli, iliyotengenezwa na Ernst Friedheim mwaka 1949 kwa kuunganisha arseniki na thioli inayoitwa dimerkaproli. Hiyo dimerkaproli ilizaliwa Oxford wakati wa vita ya pili, kwa ajili ya kukinga askari na gesi ya arseniki. Ilifanya arseniki ivumilike, kwa kadiri fulani. Bado ilikuwa inachoma mshipa kama moto na ikaua sehemu ya waliotibiwa nayo, mpaka dawa zisizo na arseniki zilipokuja. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa hapa Kongo na kukubaliwa mwishoni mwa 2018. Na Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, risasi ilipotoka katika mawe ya dhahabu na kuua watoto zaidi ya 400, waganga wa MSF waliwatibu waliobaki kwa DMSA, thioli yenye mikono miwili ya salfa inayoshika risasi na kuitoa kwa mkojo. Hapo thioli zinafanya kazi ambayo jina lao la zamani linasema: kukamata madini.

Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo utafiti wa thioli na figo unatuhusu sisi wa Tshopo kweli kweli, na ndipo pendekezo halikugusa. Zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika jimbo letu wanaishika kwa mikono, wanaikamua katika kitambaa, wanaichoma juu ya moto, mara nyingine pale pale jikoni. Moshi unavutwa, mwilini zebaki inageuka, na makao yake makubwa ni figo. Inaingiaje? Zebaki inashikana na salfa ya sisteini na glutathioni, na kile kifurushi kinafanana na vitu ambavyo mirija ya figo imezoea kuvipokea. Mlango unafunguliwa kama kwa mgeni anayejulikana. Yaani thioli zetu wenyewe ndizo zinazoibeba zebaki mpaka ndani ya seli. Chumvi ya zebaki ikiingia nyingi kwa mara moja inaua hiyo mirija na mkojo unakata. Ikiingia kidogo kidogo inaharibu kwa njia nyingine: Nairobi, mwaka 1972, waganga walihesabu wagonjwa 60 waliokuwa wanavimba kwa figo kuvuja protini, na zaidi ya nusu walikuwa wanajipaka krimu za kujichubua, ambazo zilikuwa na zebaki. Dada zangu, na kaka pia, soko la Kisangani mnalijua.

Sasa mtu aniambie: kwa mchimbaji mwenye zebaki katika damu, kumpa glutathioni au asetilisisteini ya kunywa kunaitoa zebaki, au kunaisindikiza figoni? Dawa za kweli za kazi hiyo, DMSA na DMPS, zilichaguliwa kwa sababu zinashika kwa mikono miwili na kutoka nayo. Thioli ya mkono mmoja ni mambo mengine. Hilo ni swali ambalo mwanafunzi wa kwetu wa kemia au wa udaktari angeweza kulifanyia tasnifu, kwa mikojo ya watu wa hapa, na ningechangia kwa mikono miwili pia. Lakini katika zile makala kumi na kitu hakuna hata moja yenye neno zebaki.

Pesa, basi. Jaribio la AQUAMAT la 2010 lilikuwa na watoto 5,425 wa malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwemo. Kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa artesuneti 8.5. Ule ni ushahidi wa uzito: watu wengi, watoto, Afrika, na kilichohesabiwa ni nani yuko hai. Kutoka Ubundu mpaka Kisangani ni kilomita kama 125, na kila mtu humu anajua hizo kilomita zina maana gani siku ya mvua, juu ya pikipiki, na mtoto mgongoni. Mashine ya kusafisha damu, hata ukifika inapopatikana, ni ya mwenye dola. Kule Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC wameonyesha kwamba figo zilizozima ghafla zinaweza kupumzishwa kwa kupitisha maji tumboni, bila mashine, na nyingi zinarudi zenyewe. Lakini huko ni baadaye. Saa 6 za kwanza ni za kituo cha kijijini, na kituo kinahitaji artesuneti isiyokatika, maji ya chumvi na sukari ya kunywa, mtu wa kuandika mkojo, na mtu wa kusema hapana kwa diklofenaki na jentamisini pale mgonjwa amekauka.

Nitapiga kura ya kukataa katoni. Badala yake nimeleta pendekezo la pili, liko kwa mwandishi wa chama tangu jana: vikombe vya kupimia vyenye mistari, madaftari ya mkojo, pakiti za maji ya kuhara, na kinachobaki kiende kwenye artesuneti kupitia duka la dawa la zone ya afya, si kwa mkono wa mtu. Ndugu mwenye pendekezo la kwanza namheshimu, ni yeye aliyetufanya tusome. Ninachomwomba ni makala moja tu, ya mgonjwa wa malaria au wa kuhara, ambamo asetilisisteini ilimrudishia mtu mkojo. Akiileta kabla ya kikao nitaisoma usiku huo huo. Bei ya vikombe nimeshauliza sokoni. Ya artesuneti nangoja jibu la zone.